Namna ya kuizoesha injini iliyosukwa upya, kwa madereva wa Tanga

Injini ikishashushwa, ikafumuliwa, silinda zikachongwa na pistoni zikavishwa ringi mpya (vyuma vya duara vinavyoziba nafasi kati ya pistoni na silinda), kazi huwa haijamalizika hata kama gari limewaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Kinachobaki ni kazi isiyofanywa na spana yoyote: ringi na ukuta wa silinda lazima visagane vyenyewe hadi vishikane bila kuacha upenyo, na sehemu kubwa ya kusagana huko hufanyika katika saa chache za mwanzo za kuendeshwa. Katika gereji nyingi nilizopita hapa Tanga, muda huo hutumiwa kwa njia mbili, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni kuiacha injini ingurume sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, kutwa nzima huku mpira wa maji umechomekwa kwenye rejeta, eti ilainike. Ya pili ni kumwagiza mwenye gari aende polepole kwa mwezi mzima, kana kwamba amebeba mayai.

Niliwahi kuikubali njia ya kwanza kwa gari langu mwenyewe. Injini ilinguruma siku mbili katika gereji moja ya Ngamiani, nami nikalipa mafuta yaliyoungua bila gari kwenda hata hatua moja. Miezi michache baadaye ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa buluu kila nilipoachia mafuta na kukanyaga tena. Fundi mwingine alipoifungua, tulikuta kuta za silinda zinang'aa kama kioo cha kujitazamia, na ringi zilikuwa karibu mpya kama zilivyotoka kwenye boksi. Ubora wa vipuri haukuwa na dosari. Kosa lilikuwa katika zile siku mbili.

Kwa nini injini mpya inahitaji kufanyishwa kazi

Ukuta wa silinda uliochongwa vizuri hauko laini kama wengi wanavyodhani. Baada ya kuchongwa, hupitishwa mawe ya kusagia ambayo huacha mikwaruzo myembamba inayokatana kama nyuzi za jarife, kwa pembe ya takribani digrii 45 katika injini nyingi. Mabonde ya mikwaruzo hiyo huhifadhi oili, na vilele vyake ndivyo vinavyosagana na uso wa ringi mpaka vyote viwili vipate umbo moja. Ringi ina nguvu kidogo ya springi, lakini nguvu hiyo peke yake haitoshi. Kinachoibana ringi ya juu dhidi ya ukuta ni gesi ya mwako, ambayo hushuka kwenye nafasi iliyo kati ya pistoni na silinda, ikaingia nyuma ya ringi ndani ya mfereji wake, kisha ikaisukuma kwa nje.

Injini ikiwa sailensa, au gari likitambaa tu, mafuta yanayoungua ni machache, presha ni ndogo, na ringi huteleza juu ya oili bila kusaga chochote cha maana. Wakati huohuo gesi ya moto inayopenya pembeni huiunguza ile oili, nayo hugeuka kuwa utando mgumu unaoyajaza mabonde. Ukuta ukishafikia hali hiyo, ringi haina tena cha kusagana nacho, na hakuna aina ya oili wala dawa ya dukani itakayourudishia mikwaruzo yake. Kwa sababu hiyo, lengo la dereva katika siku hizi si kuidekeza injini. Ni kuipa mzigo wa wastani, kuuondoa, kisha kuipa tena, bila kuiacha ipate joto kupita kiasi.

Beringi za kranki shafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni habari nyingine. Hizo hazihitaji kusagana na kitu, kwa kuwa huelea juu ya utando wa oili maisha yao yote, na hatari yao kubwa iko katika sekunde za mwanzo kabisa, pale injini inapozunguka kabla oili haijazifikia. Ndiyo maana kazi huanza kabla ya kuwasha.

Kabla ya kuwasha

Tumia oili ya kawaida ya madini, si ile ya sintetiki kamili, katika unene ambao mtengenezaji wa gari ameupendekeza. Kwa injini nyingi za umri mkubwa zinazotembea katika joto la pwani yetu, 15W-40 au 20W-50 hukubalika, lakini kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Sababu ya kuepuka sintetiki mwanzoni ni kwamba uwezo wake mkubwa wa kupunguza msuguano hupunguza pia ule msagano tunaouhitaji. Filta iwe mpya, na kama imekaa wima mdomo ukiwa juu, ijaze oili kabla ya kuifunga.

Kisha oili ipandishwe kwenye njia zake bila injini kuwaka. Kwa injini ya petroli, chomoa plagi zote, ondoa fyuzi ya pampu ya mafuta, kata umeme wa koili, halafu piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzisha, rudia, mpaka taa ya oili kwenye dashibodi izime. Kuchomoa plagi huifanya injini izunguke kwa wepesi, hivyo beringi hazibebi mgandamizo wowote wakati bado ni kavu. Kwa dizeli, chomoa waya wa kile kifaa cha umeme kinachofungua na kukata mafuta kwenye pampu, fanya vivyo hivyo, kisha urudishe waya na utoe hewa kwenye mfumo wa mafuta kwa pampu ya mkono. Fundi akikuambia kwamba injini ameshaipaka oili ya kutosha wakati wa kuifunga, mshukuru, na bado upige stata. Dakika tano za hapo zinaokoa seti nzima ya beringi.

Maji yanastahili maneno zaidi, kwa sababu injini nyingi zinazosukwa upya huwa zimeuawa na kuchemsha. Iwapo chanzo kilikuwa rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka au kifuniko cha rejeta kilichochoka, na kitu hicho hakikushughulikiwa, basi umenunua ringi mpya za kuchemshia. Usitie maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na chumvi huila aluminiamu ya silinda hedi (kifuniko kinachokaa juu ya silinda) na kuacha magamba ndani ya njia za maji. Tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha rejeta, iliyochanganywa tayari, au changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayotumika kwenye betri.

Lipo pia suala la temostati, ile valvu ya joto inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, na hapa nitasema waziwazi kwamba sikubaliani na mazoea yetu. Mafundi wengi wa ukanda wa joto huing'oa na kuitupa, wakiamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Temostati ya kawaida hufunguka kwenye nyuzijoto kati ya 80 na 90, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto hilo haraka na kuibakiza hapo. Bila temostati injini huchelewa kupata moto, mafuta ambayo hayajageuka mvuke huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi mpya hulika kabla ya kukaa. Hatari ya temostati mbovu ni ya kweli, lakini dawa yake ni temostati mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayochemka; ikifunguka wazi, na ikajifunga tena inapopoa, ifunge bila wasiwasi.

Mwisho, hakikisha ea klina ipo mahali pake na haina upenyo. Vumbi la barabara zetu za udongo likiingia kwenye silinda mpya, hufanya kazi ya msasa.

Dakika za mwanzo

Chagua alfajiri. Hewa bado ina ubaridi, barabara ya kutoka mjini haijajaa bodaboda, na siku nzima iko mbele yako endapo kitu kitavuja. Washa injini ukiwa na mtu wa pili anayetazama chini ya boneti. Taa ya oili izime ndani ya sekunde chache. Isipozima, zima injini papo hapo, usisubiri ijifikirie. Isiposhika mara ya kwanza, usiendelee kupiga stata dakika nzima, maana petroli isiyoungua inaosha silinda. Tafuta kwanza kwa nini haishiki.

Ikishashika, usiiache sailensa. Ishikilie kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika, ukiipandisha na kuishusha kidogo, huku mwenzako akikagua sampu (bakuli la oili chini ya injini), filta, mipira ya maji na gasketi. Temostati itakapofunguka, maji kwenye rejeta yatashuka ghafla, nawe uyaongeze. Moshi mwepesi wa oili ya kufungia inayoungua juu ya ekzosi ni jambo la kawaida na huisha wenyewe.

Kuna injini ambazo hatua hii ni ndefu zaidi: zile za zamani zenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ndani ya bloku na tapeti bapa zinazosukuma fimbo za valvu. Endapo kamshafti na tapeti ni mpya, injini ya aina hiyo hutakiwa kushikiliwa kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa takribani dakika 20 bila kushuka sailensa, kwa kuwa meno ya kamshafti hulainishwa na oili inayorushwa na kranki shafti, na ikizunguka polepole oili hiyo haifiki ya kutosha. Injini hizo pia hupenda oili yenye viongezi vya zinki na fosforasi. Gari lenye kamshafti juu ya silinda hedi, kama yalivyo mengi yanayopita mjini leo, halihitaji dakika 20 hizo. Dakika chache za kukagua uvujaji zinatosha, kisha litoke gerejini.

Barabara ya Muheza

Kwa mtu wa Tanga, barabara ya kwenda Segera kupitia Muheza ni zawadi. Toka mjini kwa utulivu kupitia Kange hadi Pongwe, injini ikipata moto wake kamili, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, na ndani ya gari muwe wawili tu bila mzigo. Baada ya Pongwe, katika vipande vilivyo wazi kati ya kijiji na kijiji, weka gia ya 3 gari likiwa kwenye kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta kiasi cha nusu, acha lipande hadi 70, kisha uachie mafuta kabisa na uiache gia ilikamate gari mpaka lirudi 40. Usishike breki isipokuwa usalama unadai. Rudia mara 10 au 12. Katika zile za mwisho unaweza kukanyaga hadi robo tatu, mradi mshale wa joto haujasogea kutoka mahali pake pa kawaida.

Kukanyaga ndiko kunakoibana ringi dhidi ya ukuta. Kuachia nako kuna kazi yake: petroli inapokatwa na injini kuzungushwa na magurudumu, mvuto unaojengeka juu ya pistoni hupandisha oili kidogo kwenye ringi, ambayo huzipoza na kuosha vumbi la chuma lililosagika. Dizeli haina mvuto huo kwa kiwango cha petroli, lakini utaratibu ni uleule, na kwake kosa la kuiacha sailensa ni baya zaidi.

Mwenye gari la otomatiki asijione ameachwa nje. Azime kile kitufe cha gia ya juu, au aweke mkono wa gia kwenye 2 katika vipande anavyopandisha na kushusha mwendo, ili gari lishikwe na injini anapoachia mafuta. Kwenye D ya kawaida gari litateleza tu, na nusu ya faida itapotea.

Tazama kioo cha nyuma kabla ya kila kuachia, kwa sababu basi la abiria lililo nyuma yako halijui kwamba unazoesha injini. Vilevile, vibao vya 50 katika vijiji viheshimiwe. Askari wa usalama barabarani hawatapokea maelezo kuhusu ringi. Kwa bahati nzuri vibao hivyo vinakusaidia, kwa kuwa vinakulazimisha kupunguza na kupandisha mwendo, jambo ambalo injini inalihitaji kuliko kwenda mwendo mmoja.

Muheza iko chini ya kilomita 40 kutoka mjini, na barabara hupanda taratibu kadiri unavyoiacha pwani. Ukifika, egesha kivulini, zima injini, fungua boneti, na ununue machungwa ukisubiri ipoe. Kupoa huko ni sehemu ya kazi, kwa maana chuma kipya hutulia kwa kupashwa moto na kuachwa kipoe mara kadhaa. Kagua uvujaji, pima oili kwenye dipstiki gari likiwa mahali tambarare, na usifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto. Kisha rudi kwa utaratibu uleule. Ukifika nyumbani, sehemu kubwa ya kukaa kwa ringi itakuwa imekwisha.

Oili ya kwanza imwagwe mapema

Hapa ndipo wenye magari wengi hubana matumizi mahali pasipostahili. Oili ya kwanza imebeba unga wa chuma kutoka kwenye kuta, mabaki ya mawe ya kusagia, gundi ya gasketi na uchafu wowote uliosahaulika kwenye njia za bloku. Imwage ikiwa bado vuguvugu baada ya safari hiyo ya Muheza, pamoja na filta. Ukishindwa kabisa, isipite kilomita 500. Weka nyingine ya madini, uitumie hadi kilomita 1,500 hivi, umwage tena. Baada ya hapo unaweza kurudi kwenye ratiba ya kawaida, na sintetiki ukiipenda.

Mimina oili iliyotoka kwenye beseni safi jeupe na uitazame juani. Mng'aro mwembamba wa kijivu, kama rangi ya magamba ya dagaa, ni ringi na kuta zinazosagana na haupaswi kukutia hofu. Ukiona vipande vinavyokamatika kwa kidole, au chembe zenye rangi ya shaba, hiyo ni beringi inayolalamika, na gari lirudi kwa fundi bila kuwashwa. Kata pia filta kwa msumeno wa chuma baada ya kuifungua, utandaze karatasi yake. Inaeleza mengi kuliko beseni. Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro wa mvua, maana mitaro yetu haina safari ndefu kufika baharini.

Kilomita 1,500 zinazofuata

Tumia gari kwa shughuli zako, ila badilisha mwendo. Safari ya moja kwa moja kwenda Dar es Salaam kwa kilomita 80 zilezile saa baada ya saa haifai katika kilomita 500 za mwanzo. Vivyo hivyo vijisafari vya kutoka Makorora hadi sokoni na kurudi kabla injini haijapata moto. Usivute gari jingine, usijaze shehena, na usipandishe mlima wa Mombo kwenda Lushoto, ambako kuna zaidi ya kilomita 30 za kona na mwinuko hadi karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mlima huo ni mzigo mzito usiokatika, tofauti na ule wa kukanyaga na kuachia. Usiivute injini kwa gia kubwa ikiwa mizunguko ni midogo, na usiipige resi hadi mwisho wa mshale.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, pima oili na maji, uandike kwenye daftari pamoja na kilomita. Injini mpya hula oili kidogo mwanzoni, na daftari litakuonyesha kama kiasi hicho kinapungua wiki hadi wiki. Bolti za silinda hedi zinahitaji kukazwa upya kwa toki, yaani kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, iwapo gasketi ni ya aina ya zamani na kitabu kinaagiza hivyo. Zile zinazokazwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa hadi zinyooke zisiguswe. Valvu zinazorekebishwa kwa skrubu au shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kujazia nafasi) zipimwe kilomita 1,000 zikipita, kwa sababu viti vipya hukaa na nafasi hupungua.

Endapo kilomita 3,000 zimepita na oili bado inapungua kwa kasi ileile, usikimbilie kubadili aina ya oili. Pima mgandamizo wa kila silinda ikiwa kavu, kisha tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Namba ikipanda sana, ringi hazijakaa. Isipopanda na ilikuwa ndogo tangu mwanzo, tazama valvu au gasketi. Na iwapo namba zote ni nzuri lakini moshi wa buluu hutoka unapowasha asubuhi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni sili za valvu, ambazo katika injini nyingi hubadilishwa bila kushusha injini. Ringi ambazo hazikukaa nazo hazimaanishi kuchonga upya: pistoni hutolewa, kuta hupitishwa tena mawe ya kusagia kwa dakika chache ili mikwaruzo irudi, silinda husuguliwa kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, ringi mpya huvishwa, na safari ya Muheza hurudiwa alfajiri nyingine.